Kidole Nyundo: Swali la Kwanza Ni Kama Bado Kinanyooka

Kidole cha mguu kilichopinda huonekana jambo dogo mpaka siku kinapoanza kumchagulia mwenyewe viatu. Kiatu kimoja kinawekwa kando kwa sababu kinagusa, halafu cha pili, halafu mtu anajikuta hana cha kuvaa isipokuwa ndala, hata pale ndala zisipofaa. Juu ya kidole kumeota sugu ngumu, chini ya unyayo panawaka moto, na kila anayeulizwa ana lake: mmoja anasema ni umri, mwingine anasema ni urithi, wa tatu anasema kapasuliwe yaishe. Wenye tatizo hili wengi huulizia kidole kimepinda kiasi gani. Linalopaswa kuulizwa kabla ya lolote ni hili: ukikishika kwa mkono, kinanyooka?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kinachofuata, kuanzia kiatu hadi kisu. Kidole kilichopinda sana lakini kinachonyooka kwa urahisi kina nafasi nzuri kuliko kilichopinda kidogo na kuganda. Na kwa kuwa kinachonyooka leo kinaweza kuganda miaka michache ijayo, inasikitisha kuona watu wakisubiri mpaka maumivu yazidi ndipo watafute msaada.

Kilichopinda ni nini hasa

Kila mguu una mifupa 26 kuanzia kwenye kifundo cha mguu kwenda mbele, na 14 kati ya hiyo imo kwenye vidole. Kidole gumba kina pingili mbili. Vidole vinne vilivyobaki kwa kawaida vina pingili tatu kila kimoja. Kwa hiyo kwenye kidole cha pili, kwa mfano, kuna vifundo vitatu vya kuangalia: cha shina, pale kidole kinapoungana na mfupa mrefu wa wayo, cha kati, na cha ncha, karibu na ukucha.

Kwenye kidole nyundo kilichokunjika ni kifundo cha kati. Kinachomoza juu kama kigongo, huku shina mara nyingi likiwa limeinuka na ncha ikiwa imenyooka au imebinuka kidogo. Kidole cha pili ndicho kinachopatwa zaidi, ingawa cha tatu na cha nne havikusalimika.

Kuna hali mbili za jirani ambazo huchanganywa na hii kila siku. Kidole kinaweza kukunjika kwenye kifundo cha ncha peke yake, ukucha ukaelekea chini na ncha ikawa inasuguana na soli. Au kinaweza kukunjika vifundo vyote viwili vya mbele huku shina likiwa limeinuka sana, na mara nyingi vidole kadhaa hupatwa kwa pamoja. Hali hii ya mwisho inapotokea kwenye miguu yote miwili, daktari makini huacha kufikiria viatu peke yake na kuanza kuchunguza mishipa ya fahamu. Ndiyo maana kutazama kifundo kipi kimekunjika kuna faida: kunaonyesha mahali pa kutafuta chanzo.

Jipime kabla hujaenda popote

Keti kwenye kiti, mguu ukining'inia bila kukanyaga. Shika kidole kilichopinda kwa vidole viwili vya mkono, kimoja juu na kimoja chini, kisha jaribu kunyoosha kifundo cha kati taratibu, bila kulazimisha. Halafu kiache, na kwa dole gumba la mkono bonyeza kwenda juu pale mbele ya unyayo, chini ya shina la kidole hichohicho. Kubonyeza huko ni kuiga kile ambacho ardhi hufanya unaposimama. Kipimo hiki cha pili kinajulikana kwa jina la Hampar Kelikian, daktari mpasuaji wa mifupa wa Chicago, na hadi leo hufanywa kliniki kabla ya kifaa chochote kuguswa.

Kidole kikinyooka chenyewe unapobonyeza, bado ni laini. Kikinyooka nusu, au kikihitaji kuvutwa ndipo kifuate, kimeanza kukaza. Kisiponyooka hata ukikivuta, kimeganda. Usijipime kwa nguvu, na usirudie mara kumi kwa siku ukitarajia kwamba kujipima ni matibabu.

Kidole hakijipindi

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wengi wanapopitia haraka. Nguvu ya kukunja na kunyoosha kidole haikai ndani ya kidole. Inatoka kwenye misuli iliyo juu zaidi, kati ya goti na kifundo cha mguu, na kwenye misuli midogo iliyojificha ndani ya wayo. Yote hukifikia kidole kwa kano, yaani kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa. Kwa hiyo kidole kilichotulia ni kama kamba inayovutwa pande mbili na watu wenye nguvu sawa: haiendi popote, lakini si kwa sababu hakuna anayevuta.

Juu ya kidole hupita kano ndefu ya kunyoosha. Chini hupita kano mbili za kukunja, moja ikishika pingili ya kati na nyingine ikifika hadi pingili ya mwisho. Halafu ipo ile misuli midogo ya ndani ya wayo, nayo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: hushusha shina la kidole na hunyoosha vifundo vilivyo mbele yake. Ndiyo inayokilaza kidole chini kikiwa kimenyooka, kikibonyeza ardhi tunapotembea.

Sasa angalia ile kano ya juu. Ingawa huitwa ya kunyoosha, nguvu yake kubwa huishia kwenye shina. Huweza kusaidia kunyoosha kifundo cha kati pale tu shina linapokuwa limetulia mahali pake. Shina likiinuka, nguvu ya kano ya juu humalizikia hapo hapo, mbele hakufiki kitu. Wakati huohuo kano za chini hukazika, kwa kuwa njia yao imerefuka, na hukivuta kifundo cha kati kwenda chini bila mpinzani. Misuli midogo nayo, shina likishapanda vya kutosha, mstari wake wa kuvuta huhama na haiwezi tena kulirudisha. Kuanzia hapo kila hatua mtu anayopiga inaongeza kidogo kwenye kosa lilelile.

Yaani kidole unachokiona kimekunjika katikati, mara nyingi shida yake ilianzia shinani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini kunyoosha tu kigongo cha kati, iwe kwa kifaa au kwa kisu, mara nyingine hakudumu.

Chini ya kifundo cha shina kuna bamba nene la gegedu linalokizuia kisiinuke kupita kiasi. Bamba hilo linaweza kuchakaa au kuchanika, hasa kwenye kidole cha pili. Likichanika, mtu huhisi maumivu makali mbele ya unyayo, wengine husema ni kama wamekanyaga kokoto, na kidole huanza kuinuka na kuelekea upande, mwishowe hupanda juu ya kidole gumba. Huyu asisubiri. Kidole kilichobadilika ndani ya wiki chache kikiwa na maumivu chini ya shina kinahitaji kuonwa mapema.

Viatu vina hatia, lakini si peke yao

Kiatu chembamba mbele au kifupi hukilazimisha kidole kirefu zaidi kukunjika, kwa kuwa hakina pa kwenda. Kiatu cha mchuchumio hufanya mabaya mawili kwa pamoja: huuteremsha mguu mbele mpaka vidole vikasongamana kwenye ncha, na huliweka shina la kila kidole katika hali ya kuinuka saa zote kinapovaliwa. Baada ya maelezo ya kano hapo juu, nadhani inaeleweka kwa nini hali hii huonekana zaidi kwa wanawake na huongezeka kadiri umri unavyosogea.

Hata hivyo wapo walioishi na viatu vipana au bila viatu kabisa, na vidole vyao vimepinda. Si haki kumwambia kila mgonjwa kwamba amejitakia. Mwenye kidole cha pili kirefu kuliko gumba yuko kwenye hatari zaidi. Mwenye kidole gumba kilichoinama kuelekea wenzake, chenye nundu ubavuni, hukisukuma kidole cha pili mpaka kikakosa nafasi ya kulala. Kwa mtu huyu kutibu kidole cha pili na kuacha gumba ni kufukuza moshi moto ukiwaka. Unyayo wenye upinde wa juu sana na ule uliolala kabisa, kila mmoja kwa njia yake, huvuruga mizani ya kano. Misuli ya shavu la mguu ikikaza, kisigino kikawa hakishuki vizuri, mwili huomba msaada kwa kano za kunyoosha vidole ili kuinua mguu wakati wa kutembea, na vidole huinuka kila hatua.

Halafu yapo magonjwa. Baridi yabisi inayoshambulia viungo hulegeza mifuko ya vifundo vya shina. Kisukari cha muda mrefu huidhoofisha mishipa ya fahamu inayolisha misuli midogo ya wayo. Kiharusi huacha misuli ikivuta bila mpangilio. Ugonjwa wa kurithi wa Charcot-Marie-Tooth, ulioelezwa mwaka 1886 na madaktari watatu ambao majina yao ndiyo unayobeba, hudhoofisha misuli ya miguu polepole na mara nyingi huacha upinde wa juu na vidole vilivyokunjika. Kwa kijana mwenye vidole vingi vilivyopinda na anayejikwaa mara kwa mara, ni jambo la kuchunguzwa.

Kwa watoto wadogo hali ni nyingine. Mtoto anayezaliwa na kidole cha tatu au cha nne kilichojikunja chini ya jirani yake mara nyingi hana maumivu, na mara nyingi jamaa yake mmoja anacho kama hicho. Wengi huachwa wakue huku wakiangaliwa. Upasuaji mdogo wa kukata kano ya chini hubaki kwa wale ambao kidole kinawaumiza au kinaharibu ukucha.

Maumivu yanatoka wapi

Kupinda kwenyewe kunaweza kusiume. Kinachouma mara nyingi ni msuguano. Juu ya kigongo, kidole hugusana na kiatu, ngozi hujilinda kwa kuwa nene, na unene huo ukishakuwa na kiini kigumu huanza kumchoma mwenyewe. Kwenye ncha, kidole kilichoinama hukanyaga kwa ukucha badala ya kwa nyama. Na chini ya unyayo, shina lililoinuka husukuma kichwa cha mfupa mrefu kwenda chini, uzito wa mwili ukaangukia mahali pamoja, sugu pana ikaota hapo. Kwa hiyo sugu ni ramani: ukiona iko wapi, umejua mzigo unaangukia wapi.

Si kila kidole chenye maumivu kina tatizo hili. Kifundo kinachovimba ghafla usiku, kikawa chekundu na chenye joto hata shuka haligusiki, kinaweza kuwa na jongo. Wekundu unaosambaa, usaha au homa ni dalili za maambukizi. Hisia ya kuungua au ya umeme kati ya kidole cha tatu na cha nne, huku vidole vyenyewe vimenyooka, huelekeza kwenye mshipa wa fahamu uliovimba.

Mwenye kisukari, au ambaye miguu yake ina ganzi au damu haifiki vizuri, asome sehemu hii mara mbili. Kwake sugu juu ya kidole nyundo si kero ya urembo. Chini ya sugu ngozi inaweza kuwa imeshakufa na kidonda kimeanza, naye hahisi kitu. Kliniki hupima hisia kwa uzi mwembamba wa plastiki unaobonyezwa kwenye unyayo mpaka unapopinda, kwa nguvu ya gramu 10. Asiyeuhisi amepoteza kinga yake kuu. Mtu huyo atazame miguu yake kila siku, juu, chini na katikati ya vidole, kwa kioo au kwa macho ya mwenzake. Asikate sugu kwa wembe. Asibandike plasta za dawa ya kuyeyusha sugu zinazouzwa dukani, kwa kuwa asidi yake haichagui ngozi nzima na ngozi mbovu. Akiona malengelenge, mchubuko, doa jeusi au unyevunyevu kwenye sugu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Unachoweza kufanya bila kisu

Anza na kiatu, na anza leo. Chukua karatasi, isimamie bila kiatu ukiwa umeweka uzito wote, kisha mtu mwingine achore mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima. Fanya hivyo jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Sasa weka kiatu chako juu ya mchoro huo. Watu wengi hushangaa: mchoro umetokeza nje ya soli pande zote mbili, na mahali ulipotokeza zaidi ndipo penye sugu. Hakuna maelezo yanayoshinda karatasi hiyo.

Kiatu kinachofaa kina upana, na pia kina, yaani nafasi ya ndani kutoka soli hadi juu. Kina husahauliwa, kidole chenye kigongo kinahitaji paa la juu, na kiatu kipana chenye paa la chini bado kitasugua. Mbele ya kidole kirefu zaidi pawe na nafasi ya kama sentimita moja ukiwa umesimama. Kisigino kisizidi sentimita 5, na kikiwa kifupi zaidi ya hapo ni bora. Sehemu ya juu iwe laini, isiwe na mshono unaopita kwenye kigongo. Kamba au mkanda ni muhimu kuliko inavyodhaniwa: kiatu kisichoshika mguu humlazimisha mtu kukunja vidole ili kisimtoke, na hilo ndilo zoezi ambalo kidole nyundo hakilihitaji. Ndala zina kasoro hiyohiyo. Zinaondoa msuguano wa juu, lakini vidole vinafanya kazi ya kuzishika kila hatua. Nunua kwa kufuata mguu ulio mkubwa, maana mara nyingi miguu miwili hailingani, na usikubali kuambiwa kwamba kiatu kitatanuka.

Baada ya kiatu, kuna pedi. Pedi ya kuinua mbele ya unyayo huwekwa nyuma kidogo ya pale panapouma, siyo juu yake. Ikiwekwa mahali sahihi, huinua mifupa mirefu ya wayo na kidole laini hushuka chenyewe, kama kilivyofanya ulipobonyeza kwa dole gumba. Ikiwekwa mbele mno, itaongeza maumivu, na mtu ataitupa akisema haifanyi kazi. Kwa hiyo ijaribu kwa siku chache ukiisogeza kidogo kidogo.

Vifuniko vya silikoni vinavyovishwa kidole hupunguza msuguano na hilo linatosha kuvifanya vya maana. Kuna pia bendeji za kushusha shina, ambazo huzungushwa juu ya kidole na kubanwa chini ya unyayo. Vyote hivi hutuliza. Havitanyoosha kidole kilichoganda, hata tangazo liseme nini. Kwenye kidole laini huweza kupunguza kasi ya kupinda. Mwenye ganzi asifunge chochote kinachozunguka kidole bila kuelekezwa na mtaalamu.

Kuhusu mazoezi, ushauri unaosikika zaidi ni kukunja taulo kwa vidole. Mimi silitangulizi hilo, kwa sababu huimarisha zaidi misuli ya kukunja ambayo tayari ndiyo inayoshinda. La maana zaidi ni kushusha shina huku vidole vimenyooka: kaa ukiwa umekanyaga chini, bonyeza vidole sakafuni bila kuvikunja, kigongo kikiwa kimelala kadiri inavyowezekana, hesabu hadi tano, pumzika, rudia. Ongeza kunyoosha kifundo cha kati kwa mkono huku mkono mwingine ukishikilia shina lisiinuke. Na nyoosha misuli ya shavu la mguu: simama mbele ya ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini, goti limenyooka, ushikilie kwa nusu dakika. Wengi hulidharau hili la mwisho kwa kuwa liko mbali na kidole. Lakini kisigino kinachoshuka vizuri hupunguza kazi ya kano za juu.

Sugu kwa mtu asiye na kisukari wala tatizo la damu hulainishwa kwa kulowesha mguu kwenye maji ya vuguvugu, kusugua taratibu kwa jiwe la miguu, kisha kupaka mafuta. Itarudi msuguano usipoondolewa. Dawa za maumivu kama ibuprofen husaidia siku mbaya, lakini si za kumeza kila siku, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo au matatizo ya figo. Sindano ya steroidi kwenye kifundo cha shina inaweza kutuliza uvimbe, ila inaweza pia kulidhoofisha zaidi lile bamba la gegedu. Ukipendekezewa, uliza kama bamba limechunguzwa kwanza.

Upasuaji unapofika

Upasuaji unazungumzwa pale maumivu yanapoendelea licha ya kubadili viatu na kutumia pedi, au kidonda kinapojirudia. Kidole kisichouma, hata kikiwa hakipendezi, hakipasuliwi kwa sababu ya sura. Mtu anaweza kuingia na kidole kibaya kisichouma na akatoka na kizuri kinachouma.

Hapa ndipo lile swali la kwanza linaporudi kwa nguvu zote. Kidole kikiwa laini, kazi hufanywa kwenye kano. Kano ya chini inaweza kukatwa kwa tundu dogo, kidole kikiwa kimetiwa ganzi, na mtu akaondoka kwa miguu yake. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari ya mwaka 2023 huipendekeza njia hii kwa kidonda cha ncha ya kidole laini kilichokunjika, kwa kuwa ikiondoa shinikizo kidonda hupata nafasi ya kupona. Au kano ndefu ya chini huhamishiwa juu ya pingili ya kwanza, ili nguvu iliyokuwa ikikunja sasa ilishushe shina; upasuaji wa aina hii ulielezwa na daktari mpasuaji R. G. Taylor mwaka 1951. Kidole hubaki na ukakamavu kiasi, lakini hutulia.

Kikiwa kimeganda, kano pekee haitoshi. Mfupa lazima uguswe. Daktari anaweza kuondoa kichwa cha pingili ya kwanza ili kifundo cha kati kipate nafasi, au kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja ulionyooka. Katika njia ya kuunganisha, waya mwembamba wa chuma hupitishwa katikati ya kidole na ncha yake kubaki nje, kwa kawaida kwa wiki 4 hadi 6, kisha huvutwa kliniki. Siku hizi kuna pia vipandikizi vinavyofichwa ndani ya mfupa. Kifundo kilichounganishwa hakitakunjika tena, na watu wengi hawakikosi kwa kuwa kilikuwa hakifanyi kazi. Shina likiwa limechomoka, mfupa mrefu wa wayo unaweza kufupishwa kidogo. Na gumba iliyoinama hurekebishwa hapohapo.

Kabla ya kukubali, mwulize mpasuaji mambo matatu: kifundo cha shina kitashughulikiwaje, damu ya mguu wangu imepimwa, na kidole changu kitakuwaje nikisimama. Swali la mwisho lina maana kwa sababu baadhi ya vidole, hasa mfupa mrefu ukifupishwa, hubaki vinaelea bila kugusa ardhi. Hatari nyingine ni maambukizi kwenye njia ya waya, ganzi, uvimbe usiotaka kuondoka, na kupinda upya. Mvutaji wa sigara anaombwa aache, si kwa adabu ya hospitali bali kwa kuwa sigara hubana mishipa midogo ya damu ambayo kidole kinategemea ili mfupa uunge.

Wiki mbili za mwanzo mguu hukaa juu ya usawa wa moyo muda mwingi, na mtu hutembea kwa kiatu chenye soli ngumu kisichokunjika mbele. Waya ukiwa nje, usiloweshwe wala kugongwa. Aliyefanyiwa mguu wa kulia asiendeshe gari mpaka aweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita. Kidole kikiwa cheupe au cha buluu na cha baridi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au usaha ukionekana kwenye waya, hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja miadi.

Uvimbe ndio unaowavunja wengi moyo. Kidole kilichopasuliwa kinaweza kubaki kinene kwa miezi kadhaa, wakati mwingine hadi mwaka, hata kama ndani kila kitu kimeunga vizuri. Kwa hiyo viatu vya kwanza baada ya waya kutoka vinunuliwe kwa kufuata kidole kilichovimba, na mchoro wa karatasi uchorwe upya uvimbe utakapokuwa umeshuka.